Kugawana Akiba, Hisa na Mafao ya Uzeeni Wakati wa Talaka: Mwongozo kwa Wanandoa wa Unguja na Pemba

Ndoa inapovunjika Unguja au Pemba, mazungumzo ya mali huanza na vile vinavyoonekana kwa macho: nyumba, shamba la mikarafuu, gari, friji, vyombo alivyokuja navyo mke na vilivyoongezwa baadaye. Fedha zilizolala benki, hisa, vipande vya mifuko ya uwekezaji (sehemu ambazo mtu hununua katika mfuko), akiba ya Saccos na michango iliyopelekwa Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar, yaani ZSSF, mara nyingi hazitajwi kabisa, au hutajwa baada ya miaka, pale mmoja anaposikia kwamba mwenziwe wa zamani amelipwa kiinua mgongo. Kwa watumishi wawili waliokaa pamoja miaka kumi na mitano, fedha hizo zinaweza kuwa na thamani kubwa kuliko nyumba yenyewe. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuzitambua, kuzithibitisha na kuzigawa bila kumdhulumu mume wala mke, na umeandikwa hasa kwa ajili ya wale ambao shauri lao liko, au huenda likafika, mbele ya kadhi. Wasio Waislamu hupeleka mashauri yao katika mahakama za kawaida na wanahitaji ushauri wa wakili tangu mwanzo, ingawa maelezo ya hapa chini kuhusu taarifa za akaunti na hesabu yatawafaa na wao.

Sheria inayotumika

Watu wengi husikia redioni au kusoma kuhusu mgawanyo wa mali ya ndoa na kudhani kwamba yanayosemwa yanawahusu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, inayozipa mahakama za Tanzania Bara uwezo wa kugawa mali iliyochumwa kwa juhudi za pamoja, haitumiki Zanzibar. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ya Tanzania, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, iliamua kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika kuchuma mali. Lakini uamuzi huo ulitokana na sheria ya Bara, na mwanamke wa Wete au wa Makunduchi hawezi kuuweka mbele ya kadhi kama hoja inayomfunga. Wala hawezi kutaraji kufika katika mahakama hiyo kwa njia ya rufaa, kwa sababu Katiba ya Zanzibar ya 1984, katika ibara ya 99, imeyatoa mambo ya Kiislamu yaliyoanzia mahakama za kadhi katika mamlaka ya Mahakama ya Rufani. Rufaa za mashauri hayo huishia Mahakama Kuu ya Zanzibar.

Kwa Muislamu wa Zanzibar, sheria ya kuiangalia ni Sheria ya Mahakama ya Kadhi Namba 9 ya mwaka 2017, pamoja na sharia ya Kiislamu yenyewe. Msingi wa sharia ni kwamba ndoa haichanganyi mali: alichochuma mume ni chake na alichochuma mke ni chake, kama inavyofahamika kutokana na aya ya 32 ya Suratun-Nisaa. Kwa hiyo hakuna kanuni ya nusu kwa nusu, na anayeingia mahakamani akiitegemea atatoka mikono mitupu. Hata hivyo sheria ya 2017 imempa kadhi uwezo wa kugawa mali ya wanandoa pale ambapo mchango halisi wa kila mmoja umethibitishwa. Shauri zima la fedha, kwa hiyo, litazunguka jambo moja: nani alitoa nini, na ushahidi uko wapi. Binafsi naona ni haki na lazima kwamba miaka ya kulea watoto, kupika na kumuuguza mama mkwe ihesabiwe kuwa imemwezesha mwingine kuweka akiba, na hoja hiyo isemwe mahakamani kwa sauti. Lakini mtu asiitegemee peke yake, maana mahakama inataka kuona mchango kwa macho, na karatasi husaidia kuliko maelezo.

Tarehe zinazobeba hesabu

Kabla ya kugusa akaunti yoyote, andika tarehe tatu: tarehe ya kufunga ndoa, tarehe ya talaka na tarehe ya kumalizika edda. Zote tatu zinaingia katika hesabu, na huku kwetu ya pili mara nyingi hugombaniwa, kwa sababu talaka hutamkwa nyumbani au huletwa kwa karatasi na mtoto wa jirani, kisha mume akasema aliitoa mwezi wa Rajabu na mke akasema aliipokea baada ya Idi. Aliyepewa karatasi aihifadhi, aipige picha, na apeleke habari kwa sheha na kwa kadhi mapema ili talaka iandikishwe.

Kama talaka ni ya rejea, ndoa haijakatika mpaka edda imalizike. Mwenye kupata hedhi huhesabu tahara tatu, asiyepata huhesabu miezi mitatu, na mwenye mimba husubiri mpaka ajifungue. Katika muda huo mume anaweza kumrejea mkewe, na nafaka, yaani matumizi ya mke, pamoja na makaazi bado vinamlazimu. Jambo zito zaidi ni kwamba mmoja wao akifariki ndani ya edda ya rejea, aliyebaki ni mrithi: mke hupata robo kama marehemu hakuacha mtoto, na thumuni kama ameacha. Mke aliyekubali haraka kutia saini karatasi inayosema kwamba hana tena dai lolote kwa mali ya mumewe, wiki mbili baada ya talaka, anaweza kuwa amejitilia matatizo katika haki ambayo bado alikuwa nayo. Ushauri wangu ni kwamba edda itumike kukusanya taarifa na kufanya hesabu, na saini ya mwisho isubiri edda iishe. Katika khului, yaani mke kujivua katika ndoa kwa kutoa badali, na talaka nyengine zisizo na rejea, mambo ni tofauti, kwa sababu makubaliano ya mali mara nyingi hufanyika siku ile ile. Nitarudi kwenye khului hapo mbele.

Chagueni pia siku moja ya kuthamini akaunti zote. Siku ya kumalizika edda inafaa, na siku ya mwisho wa mwezi ule ni rahisi zaidi kwa sababu benki na mifuko hutoa taarifa za mwisho wa mwezi. Wakithamini akaunti ya mume kwa tarehe moja na ya mke kwa tarehe nyengine, fedha zinaweza kuhesabiwa mara mbili, au zikapotea katikati.

Kuzijua akaunti zilizopo

Mume au mke hana haki ya kuingia benki na kudai taarifa ya akaunti ya mwenzake. Benki inalinda siri ya mteja, na ZSSF humpa mwanachama mwenyewe taarifa ya michango yake. Njia ya kwanza, basi, ni kila mmoja kuomba taarifa zake na kuzileta mezani mbele ya wazee wa pande mbili. Njia ya pili, pale mmoja anapokataa, ni kumuomba kadhi aamuru taarifa ziletwe mahakamani. Ombi hilo lina nguvu kama limetaja jambo mahsusi: jina la benki, tawi, na ikiwezekana namba ya akaunti. Ombi la kusema tu kwamba ana pesa nyingi mahali fulani halimsaidii kadhi.

Hapo ndipo karatasi za kawaida za nyumbani zinapokuwa na thamani. Hati ya mshahara inaonesha makato yote: ZSSF, Saccos, mkopo wa benki, bima, na wakati mwengine uwekezaji unaokatwa moja kwa moja. Ujumbe wa simu kutoka benki au kutoka mfuko wa uwekezaji unaonesha kwamba akaunti ipo. Taarifa ya gawio inaonesha hisa ambazo mke hakuwahi kuambiwa. Mtu anayejua kwamba ndoa yake inayumba na akaweka nakala za karatasi ambazo zilikuwa zikipita mikononi mwake kwa halali hafanyi kosa. Kuchukua simu ya mwenzake usiku na kujihamishia fedha ni jambo jengine, na litamharibia shauri.

Msisahau fedha zilizo nje ya Zanzibar. Mzanzibari aliyefanya kazi Dar es Salaam katika kampuni binafsi huenda ana michango NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa Bara, na mtumishi wa taasisi ya Muungano aliyepangiwa kazi Unguja au Pemba kwa kawaida huchangia PSSSF, mfuko wa watumishi wa umma ulioundwa mwaka 2018 kwa kuunganisha mifuko ya PSPF, LAPF, PPF na GEPF. Mtu aliyechangia mfuko mmojawapo wa hiyo ya zamani asidhani michango yake imepotea, imehamia PSSSF.

Kuthibitisha mchango

Chukueni mfano. Mume analipwa shilingi 900,000 kwa mwezi na mke shilingi 600,000. Kwa miaka minane mke analipa chakula, ada ya skuli na umeme, na mume anaweka shilingi 250,000 kila mwezi katika vipande vya mfuko wa uwekezaji kwa jina lake peke yake, akisema kwamba hiyo ni akiba yetu. Siku ya talaka, vipande vyote vina jina la mume.

Katika sharia, nafaka ya nyumba ni jukumu la mume. Mke anapolipa chakula kwa fedha yake, kadhi atauliza: alitoa kwa ihsani, au alitoa kwa makubaliano kwamba mume ataweka akiba kwa ajili ya wote wawili? Jibu la kwanza linafanya fedha ile kuwa sadaka yake kwa nyumba yake, na dai linadhoofika. Jibu la pili linafanya akiba kuwa ya ushirika. Kwa hiyo ushahidi unaohitajika ni wa aina mbili: miamala ya benki na ya simu inayoonesha kwamba mke alilipa, mwezi baada ya mwezi, na kitu chochote kinachoonesha makubaliano, kama vile ujumbe wa simu wa mume unaosema "we lipa ada, mimi naweka ya nyumba yetu", au ushahidi wa ndugu waliokuwepo siku jambo lilipozungumzwa. Hoja nyengine anayoweza kuitumia ni kwamba alichokitoa katika nafaka, bila ya kukusudia kusamehe, ni deni kwa mume. Amueleze wakili au msaidizi wa sheria achague ni hoja ipi inayofaa ushahidi alio nao, kwa sababu hoja mbili zinazopingana katika dai moja huyumbisha shauri.

Kanuni ni ile ile upande wa pili. Mume aliyempa mkewe mtaji wa kuuza nguo Darajani, na mke akaweka faida katika akaunti yake, naye ana haki ya kuleta ushahidi wake, isipokuwa kama ule mtaji ulikuwa hiba (zawadi) au mahari. Mahari ni ya mke peke yake, hata kama aliyawekeza na yakazaa mara tatu.

Akaunti za benki na Saccos

Akaunti ya pamoja isigandishwe tu na kuachwa. Kubalianeni kwa maandishi kwamba hakuna atakayetoa fedha bila ya saini ya mwengine, na mpeleke barua hiyo benki. Salio la siku ya kuthamini ligawiwe kwa uwiano wa mlivyoweka, ambao taarifa ya benki itauonesha, au kwa kiwango mtakachokubaliana.

Akaunti ya muda maalum, na ile ya mudharaba, yaani ya kugawana faida, katika benki za Kiislamu, zina tatizo la wakati: ukiivunja kabla ya kuiva, faida yote au sehemu yake hupotea. Ni bora kuandika kwamba siku itakapoiva, benki ihamishe kiasi fulani kwa akaunti ya mwengine, kuliko kuivunja kwa hasira na wote mkapata kidogo.

Saccos zina jambo lake. Hisa na akiba za mwanachama mara nyingi zimeshikwa na mkopo, wa kwake au wa mtu aliyemdhamini, na haziwezi kutolewa mpaka mkopo umalizike. Hesabu akiba baada ya kutoa mkopo. Na kama mke amemdhamini mume mkopo wa Saccos au wa benki, talaka haimtoi katika udhamini. Lazima aombe mdhamini mwengine awekwe mahali pake, na hilo liwe sharti la makubaliano kabla hajatia saini jengine lolote.

Hisa, vipande, hatifungani na sukuk

Vipande vya mifuko inayosimamiwa na UTT AMIS, kampuni ya Serikali ya uwekezaji wa pamoja, kama vile Mfuko wa Umoja ulioanza mwaka 2005, ni rahisi kugawa kuliko mali nyingi, kwa sababu thamani ya kipande hutangazwa kila siku ya kazi na vipande vinahesabika. Ninachosisitiza ni hiki: gaweni idadi ya vipande, msigawe shilingi. Mkiandika kwamba mke atapata shilingi milioni nane kutoka akaunti ile, na utekelezaji ukachukua miezi sita, bei ikipanda mume atafaidika peke yake na ikishuka ataumia peke yake. Mkiandika kwamba mke atapata vipande 20,000, kupanda na kushuka kutawapata wote sawasawa. Vipande vilivyonunuliwa kabla ya ndoa vitolewe kwanza. Taarifa ya mfuko inaonesha tarehe ya kila ununuzi, na aliyeingia kwenye ndoa na vipande 5,000 atoke navyo vyote.

Hisa za kampuni zilizoorodheshwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam, kama NMB na CRDB ambazo Wazanzibari wengi wanazo, nazo zigawiwe kwa idadi. Si lazima kuziuza. Dalali wa soko aliyesajiliwa anaweza kuwaeleza utaratibu wa kuhamisha hisa kutoka jina moja kwenda jengine kwa hukumu au makubaliano yaliyothibitishwa na mahakama. Angalieni gawio: hulipwa kwa yule ambaye jina lake limo katika daftari siku daftari linapofungwa, kwa hiyo uhamisho unaofanyika mwezi wa Mei unaweza kuacha gawio la mwaka uliopita kwa mume. Iandikwe wazi ni la nani. Upande wa kodi, Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004 ni ya Muungano na inahusu Zanzibar pia. Ina kifungu maalum kuhusu mali inayohamishwa kwa mtalaka kutokana na makubaliano ya talaka, na nafuu yake huombwa kwa maandishi, kwa hivyo mwenye hisa nyingi amuone mtaalamu wa kodi kabla ya kuhamisha.

Hatifungani za Serikali, yaani hati za fedha ambazo mtu ameikopesha Serikali, hudanganya watu wengi. Hatifungani ya miaka 20 yenye thamani ya shilingi milioni 10 kwenye cheti huenda isiwe na thamani ya milioni 10 leo. Bei yake sokoni hupanda viwango vya riba vinaposhuka, na hushuka viwango vinapopanda. Kumpa mke hatifungani ya milioni 10 na mume akabaki na milioni 10 taslimu huenda si kugawana sawa. Ombeni bei ya soko ya siku ya kuthamini. Sukuk, yaani hatifungani ya Kiislamu isiyo na riba, nayo ithaminiwe kwa masharti yake, na muangalie imebakisha muda gani kuiva.

Kwa Waislamu wengi hapa kuna swali la riba. Mmoja anaweza kusema hataki hata shilingi moja ya riba iliyoingia katika akaunti ya kawaida au hatifungani, na msimamo wake uheshimiwe. Lakini rasilimali iliyowekwa inabaki haki ya aliyeiweka. Kukataa riba hakumaanishi kusamehe mtaji. Taarifa ya akaunti itenganishe mtaji na riba, kila mmoja apate mtaji wake, na kuhusu riba waulizwe masheikh wanaowaamini na jibu liingizwe katika makubaliano, ili mume asije akabaki na yote kwa kisingizio cha uchamungu wa mke.

Fedha zilizowekwa kwa jina la mtoto, kama vipande vya Mfuko wa Watoto, ni za mtoto. Zisiingizwe kwenye mgawanyo, wala asizichukue mmoja kwa hoja kwamba ndiye atakayekaa na mtoto. Kinachoandikwa ni nani atakayesimamia akaunti mpaka mtoto akue, na kwamba hazitatolewa isipokuwa kwa haja ya mtoto.

Michango ya ZSSF na pensheni

Hapa ndipo penye ugumu mkubwa. Michango ya ZSSF hukatwa katika mshahara wa mwanachama na kuongezwa ya muajiri, na mfuko unamjua mwanachama tu. Kumthibitishia kadhi kwamba mke ana mchango halisi katika makato ya mshahara wa mumewe si kazi nyepesi, na sitaki kumpa mtu matumaini ya uongo. Sehemu kubwa ya migao ya mafao, kwa hiyo, inapatikana kwa sulhu, na njia zake ni mbili.

Njia ya kwanza ni kufidia sasa. Mume anabaki na mafao yake yote, na mke anapewa zaidi katika kitu chengine: vipande, kiwanja, au sehemu kubwa zaidi ya akaunti ya pamoja. Inakata mahusiano mara moja, na mke hahitaji kusubiri miaka ishirini wala kuhofia kwamba mtalaka wake ataoa tena na kusahau ahadi. Mimi ningeichagua hii kila inapowezekana. Ubaya wake ni kwamba lazima mafao yathaminiwe leo, na salio la michango siyo thamani ya pensheni. Pensheni ya kila mwezi hukokotolewa kwa miezi ya uchangiaji na mshahara, siyo kwa kiasi kilichowekwa, kwa hiyo mtu mwenye miaka 52 mwenye salio dogo anaweza kuwa karibu na haki kubwa. Ombeni mfuko umpatie mwanachama makadirio ya mafao yake, siyo salio peke yake.

Njia ya pili ni kusubiri na kugawana mafao yatakapolipwa. Katika utumishi wa umma Zanzibar kustaafu kwa hiari ni miaka 55 na kwa lazima ni miaka 60, kwa hiyo mnajua mapema subira ni ya muda gani. Tumieni hesabu ya miezi: miezi ya uchangiaji iliyoangukia ndani ya ndoa igawiwe kwa miezi yote ya uchangiaji mpaka kustaafu. Tuseme mume amechangia miezi 240, na kati ya hiyo 132 ilikuwa ndani ya ndoa. Sehemu ya ndoa ni 132 kwa 240, yaani asilimia 55. Akilipwa mkupuo wa shilingi milioni 40, sehemu ya ndoa ni milioni 22, na kama walikubaliana theluthi kwa mke, mke anapata shilingi 7,333,000 na kitu. Kwa hesabu hii mume hapunjwi kwa miaka aliyofanya kazi baada ya talaka, na mke hapunjwi kwa kupanda kwa mshahara ambako msingi wake ulijengwa wakati wa ndoa.

Makubaliano ya aina hii yana udhaifu ambao lazima uzibwe. Mfuko utamlipa mwanachama, kisha ni juu yake kumlipa mtalaka wake. Iandikwe ni ndani ya siku ngapi baada ya kupokea, katika akaunti ipi, na kwamba deni hilo litalipwa kutoka katika tirka yake, yaani mali aliyoiacha, kabla ya warithi kugawana endapo atafariki akiwa ameshapokea. Endapo atafariki kabla ya kustaafu, mafao ya warithi hulipwa kwa utaratibu wa mfuko, na mtalaka aliyekwisha edda si mrithi; kwa sababu hiyo pekee njia ya kufidia sasa ni salama zaidi kwa mwanamke. Wanachama wa mpango wa hiari wa ZSSF, ambao wengi ni wajasiriamali, wapo katika nafasi nyepesi: fedha ziliwekwa kwa mkono, na miamala ya mke aliyekuwa akimlipia mumewe au kinyume chake hutafutika.

Sulhu, khului na karatasi ya mwisho

Aya ya 35 ya Suratun-Nisaa inawaelekeza jamaa kuweka mwamuzi wa upande wa mume na mwamuzi wa upande wa mke, na utaratibu huo unafaa pia kwa fedha, ilimradi waamuzi wanajua kusoma taarifa ya benki au wamekaa na mtu anayejua. Mzee mwenye heshima ambaye hajui tofauti ya salio na thamani ya soko anaweza, kwa nia njema kabisa, kumshauri binti wa watu akubali kidogo.

Khului inahitaji tahadhari ya pekee. Mke anayejivua kwa kurejesha mahari au kutoa badali nyengine mara nyingi yumo katika shida, na shida humfanya akubali chochote. Badali itajwe kwa kitu na kiasi: mahari ya shilingi laki tano, basi laki tano. Sentensi inayosema kwamba mke "anaacha haki zake zote" isikubaliwe hata kidogo, kwa sababu inaweza kumeza akiba yake mwenyewe, sehemu yake ya vipande, na hata mahari yaliyoakhirishwa. Na kwa mke aliyetalikiwa bila ya kosa lake, kitoka nyumba, yaani kitulizo anachopewa mke anapoachwa, ni haki mbali na mgawanyo. Kisifichwe ndani ya fungu lake la akiba.

Makubaliano yakikamilika, yapelekwe kwa kadhi yathibitishwe na kuwa amri ya mahakama. Karatasi iliyotiwa saini barazani mbele ya sheha ina heshima yake, lakini benki na dalali wa hisa watataka amri yenye muhuri wa mahakama. Asiyeweza kumlipa wakili asikate tamaa. Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar na jumuiya ya wanasheria wanawake, ZAFELA, hutoa msaada, na wasaidizi wa sheria wapo katika shehia nyingi za Unguja na Pemba.

Baada ya hukumu, kila mmoja apite kwenye akaunti zake moja moja. Badilisha jina la mnufaika benki, katika bima, Saccos na katika fomu za ZSSF, kwa sababu jina la mtalaka likibaki pale litawaletea watoto na warithi mvutano. Badilisha namba ya siri ya simu na ya kadi ya benki. Omba barua ya kumalizika kwa udhamini. Kwa malipo yanayofanywa kwa awamu, kila awamu ipite benki au kwa simu, isipite mkononi, na andika katika maelezo ya muamala kwamba ni malipo ya hukumu ya mali, ili mwaka ujao isije ikadaiwa kwamba ilikuwa matunzo ya watoto. Matunzo ya watoto yana hesabu yake na amri yake, na yanaendelea kulipwa hata siku ambayo deni la mali limekwisha.